Usifute Windows kwa Sababu ya Ugomvi wa Draiva

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zimenisonga. Leo nina neno.

Juma lililopita fundi wa maabara ya chuo kimoja alinipigia simu. "Kijana wangu, tarakilishi imekataa kuona multimita." Programu ya vipimo niliyomwandikia ilikuwa imefanya kazi mwaka mzima. Nikamuuliza, mzee, mmeongeza nini? Akasema wamepata osiloskopu ya kampuni nyingine na kusakinisha programu zake. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wakingojea, na kuna mtu alikuwa tayari kufuta Windows na kuanza upya. Vipimo vya muhula mzima vilikuwa humo, bila nakala ya akiba!

Nikamwambia, mzee, msiguse kitu. Nakuja.

Ugomvi huu una historia. HP ilibuni njia ya kuunganisha vifaa vya kupimia miaka ya 1960 ikielekea mwisho, na mwaka 1975 ikawa kiwango cha IEEE 488, tunachokiita GPIB. Miaka ya 1990 ikaja VISA, ili programu moja iweze kuzungumza na kifaa cha kampuni yoyote. Wazo zuri. Lakini kampuni kama National Instruments na Keysight zina VISA zao wenyewe, na kwenye Windows kila moja hutaka kushika faili la jina lile lile, visa32.dll. Anayesakinishwa mwisho anaweza kumwondoa wa kwanza kitini.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hapa wanakaa, mradi mmoja akubali kuwa mdogo:

1. Chagua VISA moja iwe ya msingi, nyingine uisakinishe kama ya pili.
2. Kadi mbili za GPIB zisigombanie GPIB0. Ipe moja namba nyingine.
3. Kama ya msingi ni ya National Instruments na kadi ni ya Keysight, fungua NI MAX uhakikishe NiVisaTulip.dll imewashwa. Hilo ndilo daraja kati yao.
4. Katika programu yako, taja maktaba unayoitaka. Kwa PyVISA, ResourceManager hukubali njia kamili ya faili.

Hiyo ya nne inanihusu. Programu yangu ilikuwa ikichukua VISA yoyote inayoikuta. Kwa hiyo lawama si ya fundi, na si ya kampuni peke yake. Nami nilichangia.

Wapo wanaoshauri kwamba dawa ni kununua vifaa vya kampuni moja tu. Sikubali. Maabara zetu nyingi hupata kifaa kimoja kwa msaada, kingine kwa bajeti ya mwaka huu, cha tatu kilirithiwa. Ukisema kampuni moja, unamwambia fundi atupe vifaa vizima. Tena VISA ilibuniwa ili tusifungwe na muuzaji mmoja. Sisi waandishi wa programu ndio tunaopaswa kuitumia hivyo.

Kabla ya jioni multimita na osiloskopu zilikuwa zikijibu, na vipimo vyote viko salama. Kwanza, hata hivyo, nilivinakili kwenye diski nyingine. Nawe fanya hivyo leo.

Tukutane tena.