UNYWELE NA MAISHA YAKE

Mtu anapochana nywele asubuhi huona nyuzi chache zimebaki katika chanuo. Wengi huzitupa wakaenda zao kazini. Lakini wako wanaoshtuka na kujiuliza: Je, naanza kupata upara? Je, ni ugonjwa? Je, nimelogwa? Maswali hayo husikika hapa Section 58 mjini Nakuru kama yanavyosikika mashambani Molo na Subukia, na majibu yake mara nyingi hugharimu fedha: mafuta ya chupa, dawa za kutembezwa mitaani, na pengine safari ya kwenda kwa mganga. Juma hili na tuutazame unywele wenyewe, kwa kuwa mkulima ajuaye jinsi mmea unavyokua ndiye atambuaye mapema kwamba umeugua.

Unywele una sehemu mbili. Sehemu tunayoiona juu ya ngozi haina uhai, ndiyo maana kinyozi huikata wala hatusikii maumivu. Imefanywa kwa kitu kiitwacho keratini, ambacho ndicho kilichofanya kucha zetu, kwato za ng'ombe na sufu ya kondoo. Mtu akiutazama unywele kwa darubini huona kwamba nje umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama mabati ya paa. Chini ya magamba hayo ziko nyuzi za keratini zilizobanana, na humo ndimo ilimo rangi iitwayo melanini. Nywele nene huwa pia na kiini laini katikati.

Sehemu ya pili imo ndani ya ngozi, nayo ndiyo hai. Kila unywele huota katika kifuko chake, na chini kabisa ya kifuko kuna kishina kinacholishwa na mishipa myembamba ya damu. Hapo chembe hai huzaliana kwa haraka sana. Mpya huzisukuma za zamani juu, na zile za juu hukauka, zikafa, zikawa unywele. Ubavuni mwa kifuko kuna tezi itoayo mafuta, na msuli mdogo mno ambao hujikaza tunaposikia baridi au hofu, nywele zikasimama. Umbo la kifuko ndilo liamualo umbo la unywele: kifuko kilichonyooka hutoa unywele ulionyooka, na kifuko kilichopinda, kama vilivyo vyetu Waafrika wengi, hutoa unywele uliojikunja.

Neno moja lafaa kukumbukwa kuliko yote. Vifuko hivyo hufanyika mtoto akiwa bado tumboni mwa mamaye. Baada ya kuzaliwa hatupati vingine. Basi kifuko kikifa kabisa na mahali pake pakawa kovu, hakuna mafuta wala dawa ya kupaka itakayootesha kingine.

Sasa tuseme juu ya majira ya unywele. Kila kifuko hufanya kazi kama shamba: hulimwa, huvunwa, hupumzishwa, kisha hulimwa tena. Majira ya kukua huchukua miaka 2 hata 6, na kwa muda huo unywele wa kichwani huongezeka kiasi cha sentimita 1 kila mwezi. Nywele zetu za Kiafrika huenda polepole kidogo kuliko kipimo hicho. Kisha huja majuma mawili au matatu ambapo kishina hupunguza kazi na kifuko husinyaa. Halafu kifuko hupumzika kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mwishoni unywele wa zamani huanguka, na mpya huanza kuota mahali pale pale.

Kondoo wa asili, wale wa kale, huacha sufu yao kwa pamoja majira yakibadilika. Mwanadamu si hivyo. Kila kifuko kina kalenda yake, na jirani yake ana nyingine, hata kichwa hakibaki kitupu. Tufanye hesabu, kama makarani wafanyavyo. Kichwa cha mtu kina nywele zipatazo 100,000. Kama sehemu moja katika kumi imo katika mapumziko, hizo ni nywele 10,000. Mapumziko huchukua kama siku 100. Gawanya, nawe utaona kwamba nywele 100 zaweza kuanguka kila siku bila ya ugonjwa wowote. Nyuzi chache katika chanuo ni hesabu ya kawaida ya mwili, wala hapana mchawi ndani yake.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa unywele mmoja hukua miaka 6 tu, nao kwa sentimita 1 kwa mwezi hauwezi kupita sentimita 72, yawezekanaje watu wengine kuwa na nywele ndefu kupita hapo? Wakenya wengi wamkumbuka Muthoni wa Kirima wa Nyeri, aliyejulikana kama Field Marshal Muthoni, ambaye alipigana msituni katika vita vya Mau Mau. Nywele alizoanza kuzifuga miaka ya 1950 hazikukatwa mpaka Aprili 2022, Mama Ngina Kenyatta alipozikata. Naye Muthoni alifariki Septemba 2023. Miaka kama 70! Siri yake imo katika kusokotana. Nywele zilizomaliza majira yake hung'oka, lakini hazidondoki; hubaki zimeshikwa na wenzao wanaoendelea kukua. Ni kama kamba ya katani ya Mogotio: kila uzi ni mfupi, na kamba ni ndefu.

Hesabu hiyo ya majira hutufunulia jambo jingine lenye faida. Mwili ukipatwa na msukosuko mkubwa, kama homa kali, upasuaji, njaa au huzuni nzito, vifuko vingi huacha kazi kwa wakati mmoja vikaingia mapumzikoni. Nywele hazianguki siku hiyo. Huanguka miezi miwili au mitatu baadaye, mgonjwa akiwa amepona na amekwisha kuisahau homa yake. Ndipo ashangaapo, akamshuku jirani.

Wazazi wa kike hupatwa na jambo hilo sana. Mwanamke akiwa mjamzito, nywele nyingi hukawia katika majira ya kukua, hata kichwa hujaa kuliko zamani. Akisha kujifungua, nywele zile zote zilizokawia huingia mapumzikoni pamoja, na baada ya miezi michache huanguka kwa mafungu. Mama wa watu hulia, mkwewe hunong'ona, na mume hutafuta wa kulaumiwa. Ndugu zangu waume, tuache. Vifuko havikufa, vimepumzika tu, na kwa kawaida mtoto atimizapo mwaka mmoja nywele za mamaye zimekwisha kurudi. Lakini zikiendelea kuanguka baada ya muda huo, au mama akiwa mchovu na mweupe wa macho, na aende apimwe damu, maana upungufu wa madini ya chuma nao hudhoofisha nywele.

Yako, hata hivyo, mambo matatu ambayo hayafai kungojewa.

La kwanza ni nywele za mtoto mdogo zinapobadilika kuwa nyembamba, nyekundu nyekundu, na kung'oka kwa urahisi bila ya mtoto kulia. Hiyo ni moja ya dalili za utapiamlo mkali. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliandika habari zake mwaka 1933 alipokuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Na mwaka 1935 akautangaza ugonjwa huo kwa jina la kwashiorkor, neno la Waga lenye maana ya ugonjwa umpatao mtoto mdogo wake anapozaliwa. Pengine unywele mmoja huwa na vipande vyeusi na vyekundu kwa kupokezana, kama bendera: cheusi ni miezi ya shibe, chekundu ni miezi ya upungufu. Unywele huandika daftari la chakula cha nyumbani, wala daftari hilo halidanganyi. Katika wilaya zetu zenye ng'ombe na kuku, ni aibu maziwa yote kupanda lori na mayai yote kwenda sokoni, ilhali mtoto aliyeachishwa ziwa anapewa uji mtupu asubuhi na jioni. Na abakiziwe kikombe chake, yai lake, na maharagwe au omena. Tena akivimba miguu au uso, asingojewe kulishwa nyumbani; apelekwe hospitali siku ile ile.

La pili ni mapunye. Hayo huletwa na kuvu aingiaye katika unywele wenyewe na kuukata karibu na ngozi, akaacha mabaka yenye magamba. Huambukizwa kwa chanuo, kofia na mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Wazazi wengi hupaka marhamu mwezi baada ya mwezi bila kufaulu, kwa sababu marhamu haifiki chini ndani ya kifuko. Dawa itibuyo ni ile ya kumeza itolewayo hospitali, nayo hutumiwa kwa majuma kadhaa mpaka imalizike, hata kama mabaka yameonekana kupona. Mabaka yakiachwa mpaka yakafanya usaha na uvimbe, yaweza kuacha kovu, nasi tumekwisha kusema kovu ni nini kwa kifuko.

La tatu ni misuko ya kukaza. Msichana hutoka kwa msusi macho yamevutika, akameza vidonge vya kutuliza maumivu ili alale. Maumivu hayo ni kilio cha vifuko vinavyovutwa. Huanza kwa vipele vidogo kwenye paji la uso na karibu na masikio. Kisha nywele za ukingoni hupungua. Msuko ukilegezwa wakati huo, nywele hurudi. Mtu akiendelea kwa miaka, ngozi hulainika na kung'aa, na hapo mchezo umekwisha. Nywele zilizolainishwa kwa dawa kali zaweza kukatika upesi zaidi, kwa kuwa dawa hiyo huvunja nguvu ya keratini yenyewe. Kwa hiyo mwambie msusi wako wazi: msuko unaouma haujafaa, ufunguliwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa namna hii hakuna fundi wa kuujenga.

Mwisho, yako maneno yasemwayo sana kwamba kunyoa mara kwa mara huzidisha nywele. Sasa msomaji aweza kujijibu. Wembe hukata sehemu iliyokufa. Kishina kilichomo ndani ya ngozi hakina habari. Unywele uchipuao huonekana mgumu kwa sababu ncha yake imekatwa butu, kama bua la mahindi baada ya panga kupita. Aliye na fedha ya kununua mafuta ya kuotesha nywele, na anunue kwanza maharagwe na mboga. Chakula hupita katika damu, na damu ndiyo ifikayo kwenye kishina.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kucha, ambazo ni ndugu wa nywele, na yale ambayo daktari huyasoma ndani yake.