Programu kwa awamu, mkataba kwa mkupuo

Mwenye duka la jumla Kilakala akiagiza programu ya stoo, hutaka bei na tarehe vijulikane, kisha fundi aende zake hadi siku ya kukabidhi. Siku hiyo ndipo inagundulika kuwa programu haijui kuuza kwa mkopo.

Njia ya ajaili, iliyotangazwa na wataalamu 17 huko Utah, Marekani, mwaka 2001, hugawa kazi katika vipande vya wiki chache, na mteja hujaribu kila kipande. Makampuni huipenda kwa jina. Kwa maoni yetu kikwazo si fundi. Ni bodi iliyokwisha kupitisha orodha nzima, na muuzaji wa kaunta asiyeulizwa lolote.

M-Pesa ilijaribiwa Kenya mwaka 2005 kwa marejesho ya mikopo ya Faulu Kenya. Wateja wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Safaricom ikawafuata, na mwaka 2007 ikazindua huduma ya kutuma pesa nyumbani. Mkataba wa kufungwa ungeishia kwenye marejesho tu.

Ukomo uwekwe kwenye fedha, si kwenye orodha. Mwenye hisa aulize hilo katika mkutano mkuu, kabla bodi haijatia saini.