Hata kichocho ni cha asili

Jumatano usiku, Malimbe

Wadau, nimekuwa kimya wiki nzima. Siyo testi zilizonibana, ni hasira.

Mama mdogo wangu wa Kirumba ana presha. Juzi nimemkuta na pakiti tatu za chai ya kijani kabatini, vidonge vyake vimesukumwa nyuma huko, havijaguswa tangu mwezi uanze. Kuna dada kamuuzia. Eti inashusha presha, inaondoa sukari, inazuia kansa na kitambi inayeyusha. Nikauliza vidonge je? "Mwanangu, hii ni ya asili, haina kemikali." Nikamkokota kupima: 180 kwa 110.

Jamani, chai ya kijani ni majani ya mmea uleule wa chai ya rangi tunayonywea chapati hapa chuoni. Ni uleule unaolimwa Mufindi, Rungwe na hapo ng'ambo ya ziwa, Maruku, Bukoba. Tofauti iko kiwandani: ya kijani hupashwa moto mapema ili majani yasigeuke kuwa meusi. Basi!

Sisemi haina kitu. Mwaka 2006 Wajapani walitoa utafiti wa watu wazima 40,530 wa eneo la Ohsaki. Waliokunywa vikombe 5 au zaidi kwa siku walikufa kwa uchache zaidi kwa magonjwa ya moyo na kiharusi kuliko wasiofikisha hata kimoja. Kwenye kansa? Hakuna tofauti. Na huo ulikuwa utafiti wa kufuatilia mazoea ya watu, hauthibitishi kwamba ni chai iliyowaokoa.

Kwenye presha, majaribio mengi yakijumlishwa pamoja yanaonyesha inashuka kama pointi 2 hivi. Haya, piga hesabu: 180 toa 2. Hiyo 178 ndiyo ya kuachia vidonge?

Halafu hili neno "asili" linanichosha. Hata kichocho ni cha asili, kiko ziwani humu humu! Chai yoyote ukiinywa pamoja na chakula inapunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini, na mjamzito mwenye upungufu wa damu haambiwi hilo na muuzaji. Vile vidonge vya chai ya kijani ndiyo kabisa: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba EGCG, kiini chake kikuu, ikifika miligramu 800 kwa siku kwenye vidonge inaweza kudhuru ini. Chai ya kikombe walisema kwa kawaida ni salama.

Au tumeshasahau 2011? Kikombe cha Babu, Samunge, Loliondo, shilingi 500. Magari yalijaa kutoka Kanda ya Ziwa yote. Wapo waliofia njiani, wapo walioacha dawa zao. Leo kikombe kimebadilika rangi tu.

Najua mtasema hospitali kuna foleni. Kweli, ipo. Lakini hela ya pakiti tatu zile ingetosha vidonge na sato wa kuchemsha juu.

Mama mdogo amerudi kwenye vidonge. Chai yake anaendelea nayo jioni, bila sukari, na hapo namuunga mkono kabisa: inamtoa kwenye soda. Anywe kama chai.

Wewe mwenye mama, shangazi au bibi, leo fungua kabati lake uangalie.

Nalala, kesho kipindi saa moja.