Picha ni ya aliyekaa kwenye kiti, si ya aliyeshika kipanya

Nilipotea kidogo. Nilikuwa Olenguruone, kule juu Kuresoi Kusini, kwenye majani chai, viazi na maziwa, na kama kawaida yangu nimerudi na malalamiko. Tofauti ni kwamba safari hii ninayemlalamikia ni mimi mwenyewe.

Kazi ilikuwa ndogo. Chama kimoja cha wafugaji kilitaka kadi za wanachama: jina, nambari, picha. Laptopu moja, webkamu ya kuchomeka kwa USB, printa ya kadi. Nikaandika programu ya kukaa ndani ya mashine yenyewe, isiyohitaji intaneti, maana kule mtandao huja kama mgeni, ukiwa umelala. Siku tatu nikawa nimemaliza. Sehemu ya picha ilinichukua kama saa moja hivi. Yaani kile kitu pekee kilichohusu uso wa mtu ndicho nilichokipa muda mdogo kuliko vyote, hata kuliko rangi ya vitufe.

Msimbo wangu ulikuwa hivi: karani akibonyeza, fungua kamera, chukua fremu ya kwanza, hifadhi faili, funga kamera. Basi. Mezani pangu Nakuru, kando ya dirisha, picha zilitoka safi. Nikajipongeza.

Sasa njoo Olenguruone asubuhi. Ukungu hadi mlangoni. Watu wamevaa makoti na kofia za sufu. Ofisi ni chumba kimoja cha mabati, na mwanga wote unaingia kwa mlango. Kiti tukakiweka mgongo kwa mlango, kwa sababu hapo ndipo waya wa kamera ulipofika. Kwenye skrini ya karani picha ilikuwa ndogo kama stempu, na foleni ilikuwa ndefu. Tukapiga, tukapiga, tukapiga. Baadaye kadi 41 zikawa na kivuli mahali pa sura.

Nilijua wiki mbili baadaye, siku ya malipo. Bibi mmoja, wenyewe wanamwita kogo, alionyesha kadi akaambiwa uso hauonekani, alete kitambulisho. Kitambulisho kiko nyumbani. Nyumbani ni mlima mmoja na bonde moja. Pesa za maziwa za mwezi mzima zikamsubiri arudi. Aliponikuta pale aliniuliza bila hasira yoyote: "Kijana yangu, huyu ni mimi ama ni sufuria?"

Nilikuwa na jibu la kitaalamu. Nikalimeza.

Jibu lenyewe, kwa wale mnaoandika programu, ndilo hili. Webkamu si kamera ya studio. Ikifunguliwa haijui chumba kina mwanga kiasi gani, inapapasa. Fremu za kwanza huwa nyeusi, au za kijani, au zimeungua kwa mwanga, halafu baada ya fremu kumi, ishirini au thelathini hivi inatulia. Ukichukua fremu ya kwanza umempiga mtu picha kabla kamera haijafungua macho. Dawa ni rahisi mno mpaka inaudhi: fungua kamera mapema, onyesha picha inayotembea kwenye skrini, tupa fremu za sekunde moja au mbili, ndipo uchukue. Ukitumia OpenCV ni kitanzi cha mstari mmoja, na ukienda chini zaidi, kwa Media Foundation ya Windows au Video4Linux, kanuni haibadiliki.

La pili ni hesabu ya mwanga. Kwa kawaida kamera hupima picha nzima, si uso. Mlango mweupe ukiwa nyuma ya mtu, kamera inasema "hapa kuna mwanga mwingi" na kupunguza. Mlango unatoka vizuri sana. Mwenye uso mweusi anazama. Ukuta mweupe hufanya hivyo hivyo, ingawa kwa upole kidogo, na bado kila mahali tunaambiwa picha ya kadi lazima iwe na ukuta mweupe! Nani aliwaza hivyo? Sisi tulichofanya hatimaye ni kugeuza kiti mtu atazame mlango, na kutundika shuka la kijivu nyuma yake. Senti haikutumika. Kwenye programu nikaongeza kipimo cha mwangaza ndani ya duara la uso peke yake, hayo mengine yote hayanihusu.

Kuna na ile mistari myeusi inayopita kwenye picha chini ya taa za mirija. Stima yetu Kenya ni hezi 50, kwa hiyo taa hizo humeta mara 100 kwa sekunde. Webkamu nyingi huja zimepangwa kwa hezi 60, za Marekani. Kuna mpangilio wa kubadilisha, lakini ni wachache wanaoufungua.

Na tafadhali msikimbilie kununua kamera kubwa. Picha ya kadi yenye upana wa milimita 25 na urefu wa 32, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 295 kwa 378 tu. Kamera ya zamani ya 640 kwa 480 inatosha na inabaki. Tatizo letu lilikuwa mahali pa kiti.

Haya, hapo ndipo mafundi wengi wangemaliza. Mimi nasema bado, kwa sababu hata kwa msimbo wangu mbovu, kadi zile 41 zisingechapwa kama jambo moja lingefanyika: kama yule aliyepigwa angeonyeshwa picha yake kabla haijahifadhiwa. Kogo angeiona ile sufuria siku ya kwanza. Karani hakuiona kwa sababu si uso wake. Mimi sikuiona kwa sababu nilikuwa Nakuru nimeshalipwa nusu.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaonuna: programu yoyote inayochukua picha ya mtu kwa webkamu isihifadhi chochote mpaka mtu huyo aone na akubali. Skrini igeuzwe. Picha iwe kubwa. Kuwe na "Hifadhi" na "Rudia" zenye ukubwa sawa, si moja ya kijani kama bango na nyingine imejificha pembeni.

Mwenzangu mmoja aliniambia huko ni kupoteza muda, foleni haitaisha. Tufanye hesabu. Sekunde tano zaidi kwa kila mtu, watu 300, ni dakika 25. Kuchapa upya kadi 41, kuwatafuta wenyewe kijiji kwa kijiji na kuwaomba radhi ilichukua siku nne. Kwa foleni ya nchi nzima hesabu inakuwa ngumu zaidi, nakubali. Mwishoni mwa 2012 IEBC iliandikisha wapiga kura milioni 14.3 kwa siku 30 tu, kwa vifaa vya laptopu, kamera na kisoma vidole vilivyobebwa kwenye masanduku hadi mashuleni. Pale kila sekunde ina bei. Lakini hata pale, mtu ameshakaa kwenye kiti, na kumgeuzia skrini ni kazi ya mkono mmoja.

Wengine wataniambia: mbona usiache mashine yenyewe itafute uso na kupiga ikiuona? Ndiyo mtindo siku hizi. Sitaki, na nina sababu. Mwaka 2009 ilisambaa video ya wafanyakazi wawili wa duka huko Marekani wakionyesha kamera ya laptopu ya HP ikimfuata mama mzungu kila anakokwenda, lakini mwenzake mweusi akikaa mbele yake imetulia tuli kama haoni mtu. Kampuni ikaeleza kuwa ni mambo ya mwanga. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za makampuni makubwa za kubashiri jinsia kwa kutazama sura: kwa wanawake wenye ngozi nyeusi makosa yalifika asilimia 34.7, kwa wanaume weupe hayakuzidi 0.8. Programu zimeboreshwa tangu hapo, ndiyo. Lakini mashine kama hiyo siiweki kuwa bawabu wa pesa za maziwa za mtu. Nimechora duara kwenye skrini, mtu analeta uso wake humo mwenyewe. Ila kumbuka kuigeuza picha ya skrini iwe kama kioo, ama sivyo ukimwambia asogee kushoto atakwenda kulia, na mtacheza ngoma hiyo mpaka saa sita.

Tena kuna picha ambazo mtu hajui hata kama zimepigwa. Mwaka 2010 wilaya ya shule ya Lower Merion, Pennsylvania, ilishtakiwa baada ya kugundulika kwamba programu kwenye laptopu walizopewa wanafunzi ilikuwa ikipiga picha kwa webkamu kimya kimya, hata watoto wakiwa vyumbani mwao. Ilikuwa ya kutafuta laptopu zilizopotea. Picha zikafika maelfu. Wakalipa dola 610,000 kuyamaliza. Sasa ukiutazama msimbo wa kazi hiyo, hautofautiani sana na wangu: fungua, chukua, hifadhi, funga. Kilichokosekana ni mtu mwenye uso kuambiwa.

Nilipomrudisha kogo kwenye kiti, mzee mmoja aliyekuwa nyuma yake aliuliza: "Na hii picha inaenda wapi?" Karani alicheka. Mimi sikucheka. Pale Olenguruone serikali ya kikoloni iliwapeleka Wakikuyu kuanzia 1941, ikawataka watie sahihi masharti ya kukaa, walipokataa ikawafukuza, na kufikia 1950 ilikuwa imewamaliza kuwaondoa. Kabla ya hapo kulikuwa na kipande chenye alama za vidole, mwanamume Mwafrika anakivaa shingoni tangu miaka ya 1920. Na si zamani, 2009, familia nyingi zisizo na hati ziliondolewa kwenye msitu wa Mau Kusini Magharibi, jirani tu. Mtu wa sehemu hizo akiuliza jina na sura yake vinaandikwa kwa nini, ana haki zote. Tena leo haki hiyo iko kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: kuambiwa data yako inatumika vipi, kuiona, kuomba irekebishwe. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru shilingi milioni 4.55 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wenzangu mnaodhani picha ni faili tu la JPEG, mtajua mkiletewa bili.

Nilimjibu mzee: inakaa kwenye laptopu hii na kwenye kadi yako, nakala moja inafungiwa kabatini, zile ulizokataa zinafutwa hapa hapa mbele yako. Ukweli ni kwamba hilo la mwisho halikuwa kweli wakati naanza kulisema. Programu yangu ilikuwa inahifadhi kila jaribio kwenye folda moja "kwa usalama". Nililazimika kukaa usiku ule na taa ya betri kulirekebisha, stima ikiwa imepotea tangu magharibi.

Kogo alitoa kofia, akatazama mlango, karani akabonyeza. Tukageuza skrini. Akasema hapana. Ya pili akasema hapana tena, jicho moja limefunga. Ya tatu aliitazama kwa muda, akarudisha kofia kichwani polepole, akasema, "Huyo sasa namjua."

Kadi 41 nimezichapa upya kwa pesa yangu. Printa nayo ina mambo yake, nitaisema siku nyingine.