Daftari la Simu Ofisini: Nakala Itangulie

Zipo ofisi za madrasa hapa Bagamoyo ambazo zimekwisha kulihamishia kwenye kompyuta daftari la wazazi, wafadhili na walezi wa mayatima. Hufika siku programu ikadai toleo jipya, na kijana wa ofisini akabonyeza kukubali bila ya kuuliza.

Tunawanasihi ndugu zetu watangulize nakala. Itolewe orodha nzima, iwekwe kwenye flashi, kisha ifunguliwe katika kompyuta nyingine. Nakala isiyopata kufunguliwa ni dhana tu. Hapo zitazamwe namba, kwani orodha ikipitia Excel sifuri ya mwanzo huanguka, 0754 ikabaki 754, isipokuwa safu hiyo imewekwa kuwa ya maandishi. Kazi isianzwe umeme ukibabaisha. Na toleo la zamani lisiondolewe mpaka majina yahesabiwe, yalingane.

Flashi nayo isizunguke mifukoni mwa watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, yamtaka mwenye kukusanya taarifa azilinde. Mjane aliyeacha namba yake ili aitwe siku ya mgao hatajua kwamba imefutika, atadhani amesahauliwa.