Mtoto huyu hana chira, ana moyo mgonjwa

Leo naandika kwa mama aliyejifungua mtoto mwenye hali ya Down na moyo wenye tundu. Naandika pia kwetu sisi tunaomzunguka, maana maneno yetu yanamchosha kuliko usiku anaokesha.

Unajua tunavyosema. Mtoto amefika miezi mitatu hanenepi. Ananyonya kidogo anaacha, jasho linamtoka kichwani, anapumua upesi upesi kama aliyekimbizwa. Wazee nyumbani wanasema ni chira, kuna mwiko umevunjwa, itafutwe manyasi. Sisi tuliookoka tunaicheka chira, halafu tunageuka kusema ni madhabahu ya ukoo. Ndugu yangu, hiyo ni chira ileile, umeivalisha suti tu.

Dalili hizo ni za moyo uliolemewa. Karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Na hali yenyewe hutokana na kromosomu moja ya ziada, ile ya 21. Jambo hili limejulikana tangu 1959. Mara nyingi sana haikurithiwa kwa baba wala kwa mama. Kwa hivyo wewe baba uliyesema "kwetu hakuna watoto kama hawa" ukarudi zako Usenge, hata kwao mama hakuna. Rudi nyumbani.

Katika Yohana 9 wanafunzi walimuuliza Yesu nani alitenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake. Bwana alikataa majibu yote mawili. Mbona sisi tunaliuliza tena?

Sasa nifike penye uzito. Kuna mama anaambiwa kwenye kikundi cha maombi aache dawa ya kupunguza maji mwilini, eti kama tendo la imani. Afunge kwanza, hospitali baadaye. Mimi ni Mpentekoste, nawapaka wagonjwa mafuta na nimeona Mungu akiponya. Lakini hapa nasema hapana. Mtoto huyu hana "baadaye" ya kutosha. Tundu kubwa likiachwa, damu nyingi huenda mapafuni kwa nguvu, na mishipa ya mapafu inakakamaa. Kwa watoto wenye hali hii hukakamaa mapema kuliko kwa wengine. Ndiyo maana madaktari hutaka kuziba tundu kama hilo kabla ya mwaka wa kwanza kuisha, mara nyingi karibu na miezi sita. Ukichelewa sana, unaweza kufika na pesa yote mkononi ukaambiwa upasuaji sasa ni hatari kuliko ugonjwa.

Soma 2 Wafalme 20. Hezekia alikuwa ameshaahidiwa kupona, na miaka 15 juu yake, kwa neno la Mungu mwenyewe. Bado Isaya aliagiza tini ziwekwe kwenye jipu. Je, Isaya alikosa imani?

Mama, mtoto apimwe moyo kwa eko hata kama anaonekana mzima, kwa sababu si kila tundu husikika siku za kwanza. Anzia Jaramogi, ile wazee bado wanaiita Russia. Upasuaji huenda ukakupeleka Nairobi, au Tenwek kule Bomet, hospitali ya misheni ambako wanapasua moyo. Mambo ya SHA uliza mapema, usingoje tarehe ya upasuaji.

Na sisi kanisa, kutoka Kisumu kupitia Kericho hadi Bomet ni nauli, ni chakula, ni mtu wa kubaki na watoto wengine nyumbani. Wale watu wanne wa Marko 2 hawakumhubiria mgonjwa. Walimbeba, na wakatoboa paa la mwenyewe (sijui nani alilipia lile paa).

Jambo moja zaidi. Mwombee moyo wake upone, lakini usimwombee awe mtoto mwingine. Akishapasuliwa atabaki na macho yake yaleyale, na huenda akachelewa kutembea na kuongea. Ndiye huyo tuliyepewa.

Kama una mtoto hujamleta kuwekwa wakfu kwa sababu unaogopa watu watamtazama, mlete Jumapili hii, ibada ya pili. Usimfunike uso na leso. Nitambeba mimi mwenyewe.