SURA YA NYUMBA SI CHOKAA YA NJE TU

Wanachama wenzangu,

Tunaambiwa kwamba majumba yaliyoelekea Forodhani yana sheria ya kuyalinda. Ni kweli. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji wetu ukatiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Basi mbona Beit-el-Ajaib imeanguka?

Jumba hilo alilijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, na nguzo za chuma kulizunguka. Mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896 ikaiangamiza Beit-el-Hukm iliyokuwa ubavuni mwake, lenyewe likasalimika, na baadaye likajengewa mnara wa saa usoni. Mwaka 2012 kipande cha roshani kikaanguka. Hiyo ilikuwa ilani ya kumtosha mwenye macho. Ijumaa ya tarehe 25 Disemba 2020, matengenezo yakiwa yamekwisha kuanza, upande wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wake, na watu wawili waliokuwa kazini wakafa chini ya kifusi. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Wako wasemao: madhali sura imesimama na imepakwa rangi, mji umehifadhika. Hayo ni maneno ya mpita njia. Mimi ni mtu wa duka; najua kwamba paa likivuja, mchele huoza hata kama mlango una nakshi na njumu za shaba. Ukuta wetu ni wa mawe na chokaa, nao hunywa maji na kuyatoa. Ukiupiga saruji, maji hubaki ndani, chumvi hula mawe, na ncha za boriti huoza mahali pasipoonekana. Nami nilidanganyika hivyo hivyo: fundi alinipigia saruji ukuta wa mbele, ukang'aa kama sahani, na baada ya masika mbili ukabambuka vipande vipande. (Fedha zake alikwisha zila.)

Kwa hivyo tunadai haya, na tunayadai kwa sauti: paa na mifereji itangulie rangi, chokaa itumike pahala pa saruji, kila jumba la serikali likaguliwe boriti zake, na ripoti ibandikwe hadharani wananchi waisome. Na wapangaji maskini wa nyumba za wakfu wasitozwe faini kwa madirisha yaliyovunjika hali mwenye nyumba haonekani. Kwanza aulizwe aliyepokea kodi.

Muuza Duka, Unguja